Mtoto ni wa Nani?



Ndoa inapovunjika kwetu Kasongo ao Kabambare, wazee wa pande mbili wanakaa, na swali la kwanza ni moja: mtoto ni wa nani? Jamaa ya baba inasema, tulitoa mahari, mtoto ni wetu. Jamaa ya mama inasema, sisi tulimlea. Mbuzi zinahesabiwa tangu asubuhi mpaka jioni, na juu ya masomo ya mtoto hakuna anayesema neno.

Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hilo. Tulikaa siku moja na bwana na bibi walioshindwa kuishi pamoja. Tukasikiliza, tukaomba, tukafurahi kwamba wanaachana pasipo matusi. Mama akarudi kwao upande wa Kabambare, mtoto wao nyuma ya baiskeli. Alikuwa mwaka wa tano wa primeri, na mwaka wa masomo ulikuwa katikati. Hakuna kati yetu aliyekwenda kuomba buletini yake kwa mkubwa wa shule. Huko alikofika aliambiwa aanze tena mwaka wa ine. Akaona haya kukaa na wadogo, akaacha. Baadaye tulisikia yuko Salamabila, anaosha mchanga wa zahabu.

Wengine watasema ni umaskini. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Tangu Septemba 2019 primeri za serikali, pamoja na zile za makanisa zilizo na mapatano nayo, hazipaswi kudai minervali. Daftari, kalamu na nguo za shule vinabaki juu ya wazazi, na sekondari inalipwa. Hapo baba anasema: akitaka nimsomeshe, amrudishe. Daftari linakuwa silaha! Na mtoto anayelala leo kwa nyanya, kesho kwa mama mkubwa, hana wa kumuuliza jioni amejifunza nini. Darasani anasinzia, ao anapiga wenzake, na mwalimu anamwita mvivu. Msichana anabaki nyumbani kubeba watoto wa mama wa kambo, halafu anatafutiwa bwana upesi, hata kama sheria inakataza ndoa mbele ya miaka 18.

Tumkumbuke Hajiri. Ibrahimu alimpa mkate na kiriba cha maji, akamwacha aende na kijana wake. Maji yakaisha, na Mungu akasikia sauti ya kijana. Sisi tunasikia sauti ya nani katika mashauri yetu?

Sheria ya jamaa ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema talaka inatolewa na tribinali, na wazazi walioachana wanabaki na mzigo wa kulea na kusomesha. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto, na inampa asistanti sosiali kazi yake. Wengi wetu tunamwogopa, tunafikiri amekuja kufunga watu. Kazi yake ni kutembelea nyumba zote mbili, kuongea na mwalimu, kumsikiliza mtoto peke yake, kutafuta mapatano juu ya nani atanunua nini. Yakishindikana, anapeleka habari kwa mwamuzi. Yeye hakula mahari ya upande wowote. Kwa hiyo anaweza kuuliza yale sisi wajomba na mashangazi tunayoona haya kuuliza. Ni wachache kwa inchi kubwa kama yetu. Basi wazee wasingoje aje, wamwite mbele ya kuhesabu mbuzi.

Na mahari je? Hatuidharau. Lakini anayesema «mtoto ni wangu» amekiri deni mbele ya mashahidi: aulizwe palepale mtoto yuko darasa gani, na buletini iko wapi.

Yule wa Salamabila sasa ana ndevu. Tulimtumia salamu kwa mtu wa baiskeli, tukaomba atusamehe. Hajajibu bado.