Ufadhili wa masomo: Je, mlango unafunguka pande zote mbili?

Wazazi wengi wa Kiislamu mijini wanauliza: ni sawa kumruhusu kijana wetu akasome kwa fedha za dola ya kigeni, hali tunajua kuwa dola hiyo inatafuta kupendwa? Swali hili lina msingi. Mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani ilianzisha mpango wa YES kwa wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi, wakaishi na familia za Kimarekani kwa mwaka wa masomo. Vijana wa Tanzania nao wamekwenda. Mwaka 2013 China nayo ilifungua Taasisi ya Confucius Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kufundisha Kichina.

Wapo wasemao huo ni mtego, tukae mbali. Sikubaliani nao. Kama kusomesha watu ili upate marafiki ni mtego, tuseme nini juu ya Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa 1961, kinachosomesha vijana kutoka duniani kote kwa fedha za Saudia? Hakuna dola inayotoa bila kutaraji. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufunza kuwa tumejaaliwa mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana ni kwa pande mbili.

Hicho ndicho kipimo, na sisi wa Dunda tuna ushahidi wetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda na mtu wa elimu ya dini, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Chuo hicho kiliwaandaa pia maofisa wa kuja kututawala. Maandishi yake yakawa sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, ambacho jalada lake lilibeba jina la Carl Velten. Lakini mwaka 1905, Mtoro aliporudi na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ilimzuia mke huyo kushuka Dar es Salaam. Wakarejea Ujerumani, naye akafia huko 1927.

Ndugu zangu, Wajerumani wale walikijua Kiswahili, ila hawakutaka kumjua mwenye Kiswahili kuwa ni binadamu sawa nao.

Basi mzazi asiulize tu nani analipa. Aulize: je, watamsikiliza mwanangu, au watamfundisha tu? Je, wao nao huleta watoto wao kwetu? Na mwanangu anakwenda na nia gani?

Nasi tujipime. Tangu 2021 UNESCO imeitambua Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na wageni wanakuja pwani yetu kujifunza lugha hii. Tukiwaona kuwa ni pochi tu, tutakuwa na hoja gani dhidi ya waliomzuia mke wa Mtoro?

Wallahu a'lam.