Akiba na Mzigo

Hapana mtu aliyepewa nafasi isiyo na mwisho hapa duniani. Nyumba ina kuta, sanduku lina kifuniko, siku ina saa 24, na bega la mwanadamu, lijapokuwa na nguvu namna gani, lina kipimo chake cha kuchukua. Kwa sababu hii swali la mahali pa kuweka vitu, ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la wapagazi na mabaharia, ni swali la kila mtu; nalo si la mikono tu, bali ni la moyo pia. Methali yasema kuwa akiba haiozi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatuambii akiba yaishia wapi na mzigo waanzia wapi. Mpaka huo ndio tunaotaka kuutafuta.

Katika nchi kavu ya Garissa, Wajir na Mandera, ngamia huitwa merikebu ya jangwa. Jina hilo limezoeleka hata halimshangazi mtu tena, lakini lina haki yake. Ngamia mwenye nguvu huweza kuchukua mzigo wa kilo 150 au zaidi, na kwenda siku nyingi bila ya kunywa maji. Tena, kama chombo kidogo cha baharini, hana nafasi ya kupotezwa. Mzigo ukizidi upande mmoja huenda mrama kama jahazi lililoinama, na mwisho wake ni kidonda mgongoni au shehena yote chini. Mwenye ngamia asiyejua kupakia hatafika mbali, hata akiwa na ngamia bora kuliko wa jirani zake.

Tazama jinsi jamaa ya wafugaji wa Kisomali wanavyohama kufuata mvua na malisho. Nyumba yao, iitwayo aqal, haiachwi nyuma. Huvunjwa na kwenda nao. Kwa desturi nyumba hiyo ni kazi na milki ya mwanamke: yeye huijenga, yeye huivunja, na yeye hujua kila fito ilikuwa wapi. Haina msumari hata mmoja. Ni matao ya fito zilizopindwa, yaliyofungwa kwa kamba na kufunikwa mikeka. Ngamia hupigishwa magoti. Mikeka hutandikwa kwanza mgongoni mwake ili mzigo usimchubue. Kisha fito hufungwa sawasawa pande zote mbili. Vyombo vya maji na maziwa, vilivyosukwa kwa nyuzi na kufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike upesi, hufuata mahali pake. Yale matao, yakiisha kufungwa, hupanda juu kama paa dogo, na chini yake huweza kukaa mtoto mchanga, au mwana-kondoo aliyezaliwa jana, asiyeweza bado mwendo wa safari.

Katika kazi hiyo ya asubuhi moja mna elimu kubwa. Mkeka uliokuwa ukuta wa nyumba umekuwa tandiko la ngamia. Fito iliyokuwa nguzo imekuwa kivuli cha mtoto. Kitu kimoja kimefanya kazi mbili, na nafasi moja imekuwa nafasi mbili. Wala uzuri haukusahauliwa, kwa kuwa mikeka mingine husukwa kwa nakshi za kupendeza sana. Mfumaji hakuuambia uzuri ungoje nyumbani, maana nyumba yenyewe yasafiri. Aliutia uzuri ndani ya kitu ambacho hakina budi kuchukuliwa. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa kupunguza mzigo ni kuyafanya maisha kuwa makavu.

Lakini elimu iliyo kubwa zaidi ni ya mpango. Kilichopakiwa mwisho hushushwa kwanza. Basi kitakachohitajiwa kwanza sharti kipakiwe mwisho. Maji ya kunywa njiani yakizikwa chini ya mikeka na fito, msafiri atakuwa na maji na tena hana. Atakuwa nayo katika hesabu, atayakosa katika kiu. Mtoto alie jua la saa sita, na msafara mzima usimame, ngamia apigishwe magoti, kamba zifunguliwe, mzigo ushushwe, kwa ajili ya kikombe kimoja! Hapo twaona kuwa kuwa na kitu na kukifikia kitu ni mambo mawili mbalimbali. Huo, naona, ndio mpaka tuliokuwa tukiutafuta: akiba ni kitu unachoweza kukifikia siku ya haja, kisichofikika siku hiyo ni mzigo, japokuwa ni cha thamani.

Mabaharia wa pwani wanaijua kanuni hiyo hiyo. Mto Tana, upitao kando ya mji wa Garissa, huendelea kusini hata ukamwaga maji yake baharini karibu na Kipini; na katika bahari hiyo, kwa karne nyingi, majahazi yalisafiri kwa pepo za kaskazi na kusi baina ya pwani yetu na Arabuni, yakileta tende na kurudi na boriti za mikoko. Chombo chembamba, safari ndefu, na duka hakuna njiani. Baharia aliweka vizito chini, karibu na ngama, ili chombo kisipinduke. Akaweka vyepesi juu. Na vitu vya watu, vya kushikwa kila siku, akavitia katika feuli, yaani mahali padogo pa tezi ambapo mkono wafika bila ya kuvuruga shehena. Palipokosekana shehena, palitiwa farumi ya mawe au mchanga, maana hata uzito una kazi yake ukiwekwa mahali pake. Bahari haisamehe mpango mbaya. Kamba ya akiba iliyofichwa chini ya magunia mia haimwokoi mtu tanga linapokatika usiku wa tufani.

Sasa tutazame jambo la pili, lililo zito kuliko la kwanza. Nafasi katika chombo si ya mtu mmoja. Kila kitu kilichowekwa mahali kimekizuia kitu kingine kukaa pale. Aliyetia kinu cha pili juu ya ngamia amekwisha kuamua, bila ya kusema, kwamba kinu hicho ni bora kuliko pipa dogo la maji, au kuliko mtoto ambaye sasa atatembea kwa miguu. Mwezi wa Novemba 2023, na tena mwezi wa Aprili 2024, mafuriko yaliikata barabara ya kuingia Garissa hapo Madogo, na watu wakavushwa kwa mashua. Tarehe 28 Aprili 2024 mashua moja iliyojaa watu ilipinduka. Watu 23 waliokolewa, na wengine wakapoteza maisha yao. Sitaki kuuhukumu msiba ule, maana maji ya kasi hayangoji kosa la mtu ili yaue. Lakini watukumbusha kuwa mashua ikiwa ndogo na mto ukiwa mkubwa, shibiri moja ya ubao ni uhai wa mtu. Mtu akiikalia shibiri hiyo kwa furushi asilolihitaji, amekalia haki ya mwenziwe. Methali yasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo tunavyouona mzigo wetu pia, kuwa mwepesi, maadamu aubebaye ni mwingine.

Huenda msomaji akasema: “Mfugaji huchukua vichache kwa sababu ni maskini. Mpe mali, naye atajaza ghala kama watu wa mjini. Mbona wausifu ufukara kwa jina la hekima?” Neno hilo ni zuri na lastahili jawabu. Ufukara hausifiwi hapa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo katika nchi hizo, na mifugo isiyo na idadi ikafa. Mtu aliyehama na ngamia mmoja kwa kuwa wengine wamelala mifupa njiani hakuchagua wepesi, alinyang’anywa. Kumwambia huyo kwamba mzigo mdogo ni baraka ni kumdhihaki. Kiasi ni wema pale tu mtu alipokuwa na njia ya kuzidisha akajizuia. Ambapo hakuwa na njia, hiyo ni dhiki, na wajibu wetu juu ya dhiki ni msaada, si sifa. Naye mfugaji hakukosa akiba: kundi lake ndilo ghala lake, nalo hutembea kwa miguu yake lenyewe na kutoa maziwa njiani. Kosa si kuwa na vingi. Kosa ni kuwa na vingi visivyo na mahali, visivyo na kazi, na visivyofikika, huku mwingine amekosa pa kukaa.

Kanuni hizi mbili si za jangwa wala za bahari peke yake. Mwanafunzi wa bweni ana sanduku la bati chini ya kitanda chake, lenye kufuli. Hilo ndilo jahazi lake kwa miezi mitatu. Na alifungue sasa alitazame. Huenda kalamu imo chini kabisa, chini ya viatu vilivyochakaa tangu mwaka jana, na kila jioni kengele ya masomo inapolia yeye hupekua na kuchelewa. Huenda ana sabuni tatu, na jirani yake hana hata kipande. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na sanduku bila mpango ni mali bila daftari. Na akitoe kila kitu, akiulize maswali matatu: Wewe wafanya kazi gani? Nitakuhitaji lini? Umeikalia nafasi ya nani? Kitakachojibu vizuri na kirudi mahali pake. Kitakachonyamaza na kipewe mwenye haja.

Moyo nao ni chombo, wala si kikubwa kuliko vingine. Wako watu waliopakia kinyongo cha miaka kumi juu kabisa, mahali ambapo mkono wafika upesi, na wema waliotendewa wameuzika chini katika ngama. Siku ya ugomvi hupata silaha mara moja. Siku ya upatanisho hutafuta neno zuri wasilione. Neno hilo wanalo, lakini halifikiki, na kwa hiyo ni kana kwamba hawanalo.

Alfajiri, kabla ya ngamia kuinuka, mama wa Kisomali huzunguka mzigo wake mara ya mwisho, akaze kamba hii, alegeze ile, ajue maji yako upande gani na mtoto yuko upande gani. Haulizi ana vitu vingapi. Huuliza kama kila kimoja kiko mahali pake, na kama njia itakapokuwa ngumu mkono wake utafika. Sisi sote tu safarini. Basi na tuuzunguke mzigo wetu kabla jua halijapanda.