Wanangu, Sumu ya Panya Msiitupe Darini

Wanangu na wajukuu zangu, hasa ninyi mlioanza maisha juzi, mliopanga chumba na sebule au mliohamia nyumba yenu ya kwanza, nina neno nanyi. Msitupe sumu ya panya darini. Na kama mmeshaitupa, au ameitupa jirani, na sasa nyumba inanuka, msikimbilie udi wala manukato ya kupulizia. Utafuteni mzoga, muutoe, kisha mzibe tundu alilopita panya. Nasaha yangu yote ni hiyo. Yanayofuata ni sababu zake na namna ya kuitekeleza.

Nayaona mnayoyafanya. Panya wanakimbizana usiku juu ya jipsamu, usingizi unakatika. Kesho yake anapita machinga na spika yake, anatangaza dawa ya panya, mende na kunguni. Kijana ananunua pakiti, anasukuma kile kimlango cha dari, anarusha, anafunga, anashukuru. Muuzaji amemhakikishia kwamba panya akiila atashikwa na kiu, atatoka nje kutafuta maji na kufia huko.

Hilo si kweli, wanangu. Sumu nyingi za panya zinazouzwa leo huzuia damu kuganda, na panya aliyeila haanguki papo hapo. Huchukua siku kadhaa, mara nyingi 3 hadi 7, akivuja damu kwa ndani na kudhoofu. Mnyama aliyedhoofika hajitokezi uwanjani. Hujificha anapopaona salama: kiotani mwake juu ya dari, nyuma ya kabati la jikoni lililojengewa ukutani, ndani ya boksi lililofunika mabomba, au kwenye mwanya wa ukuta wa miti na udongo. Hufia palepale ambapo mkono wako haufiki. Na kwa joto la Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, uvundo hauchelewi. Panya mdogo aweza kukauka kwa wiki moja hivi, lakini panya mkubwa atawanukia wiki mbili au tatu, na zaidi penye unyevu.

Kumbukeni pia kwamba dari si yako peke yako. Nyumba zetu nyingi za kupanga zina korido moja katikati, vyumba huku na huku, na juu yake dari moja inayopita kwa wapangaji wote. Sumu uliyorusha wewe, mzoga wake unaweza kuangukia juu ya kitanda cha mama mwenye kichanga chumba cha tatu. Paka wa jirani akimla panya aliyelewa sumu, naye hudhurika. Bundi anayewinda panya usiku bure, bila kukutoza senti, naye hudhurika. Na mtoto anayetambaa hajui tofauti ya chambo chenye rangi nzuri na peremende.

Kuna jambo baya kuliko hilo, na hapa nasema kwa ukali. Wapo wanaochukua vile vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani wakaviweka chumbani ili viue panya au kunguni. Vidonge hivyo vikipata unyevu, hata unyevu wa hewa tu, hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo huua watu usingizini. Hivyo ni vya ghalani, kwa mtu aliyefundishwa kuvitumia. Chumba wanacholala watu kisivione kabisa.

Sasa tuseme nyumba imeshanuka. Kabla ya kumlaumu panya, hakikisha ni panya. Gesi ya kupikia kwa asili yake haina harufu. Hutiwa harufu ya kuoza makusudi ili ikivuja muitambue. Ikiwa uvundo unazidi karibu na mtungi, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toeni watu nje. Bafu lisilotumika nalo hunuka, kwa sababu maji yanayokaa kwenye kiwiko cha bomba chini ya sakafu yamekauka na hewa ya shimo inapanda. Mwaga ndoo ya maji, subiri uone. Soketi inayoungua polepole hutoa harufu kali ya plastiki, na wengine huiona kama ya samaki. Hiyo ni ya kuzima umeme na kumwita fundi siku hiyohiyo. Ndiyo maana nawakataza kuufunika uvundo kwa manukato kabla hamjajua asili yake. Pua ni mlinzi wa nyumba, na udi utamnyamazisha.

Ikiwa ni mzoga, utafute asubuhi, kabla feni haijawashwa na kabla hamjakaanga kitu. Funga milango ya vyumba usiku kucha, kisha ingia kimoja kimoja, upesi, na usikae sana, maana pua huzoea uvundo na kuacha kuusikia. Nusa pembeni mwa sakafu, kwenye soketi, kwenye tundu la bomba la kiyoyozi, kwenye maungio ya dari. Angalia wanakokusanyika nzi wa kijani. Fuata mstari wa sisimizi. Tazama doa la manjano au la kahawia juu ya jipsamu. Paka anayekaa kitako na kukodolea macho sehemu moja ya ukuta ana sababu. Na msisahau tangi la maji. Ikiwa mfuniko wake uko wazi na uvundo unakuja na maji, acheni kuyatumia, mwageni yote, sugueni tangi na kulisafisha kwa dawa ya klorini kabla ya kujaza upya.

Ukipanda darini, kanyaga boriti na papi, usikanyage ubao wa dari; ubao haukubebi. Zima swichi kuu ya umeme, kwa kuwa panya hutafuna nyaya na wewe hujui wapi pamebaki shaba tupu. Usiingize mkono mahali usipopaona, maana panapokaa panya nyoka hufuata. Na ikiwa nyumba ni ya zamani, yenye dari au mabati ya asibesto, usikate wala kutoboa. Vumbi lake huharibu mapafu, na madhara yake huonekana baada ya miaka mingi.

Mzoga haushikwi kwa mkono mtupu. Vaa glavu za mpira na barakoa, fungua madirisha. Changanya sehemu moja ya jiki na sehemu kumi za maji, nyunyizia mzoga, kiota na kinyesi mpaka vilowe, subiri dakika kama tano, kisha uvizoe kwa tambara. Usifagie vikavu, kwani ufagio hupeperusha vumbi la mkojo na kinyesi likaingia puani. Tia vyote kwenye mfuko wa plastiki, funga, tia kwenye mfuko wa pili, funga tena, uzike mbali na kisima au utupe panapochukuliwa taka. Pasugue palipokuwa na mzoga, upaache pakauke. Jiki usiichanganye na dawa kali ya kusafishia choo; mchanganyiko huo hutoa gesi inayounguza mapafu. Mkishamaliza, bakuli za mkaa au magadi ya kuokea zitanyonya harufu iliyobaki. Udi wako ufukize hapo, nyumba ikiwa safi.

Mtasema mzee anatia chumvi, panya mmoja tu. Sitii chumvi. Milima ya Usambara iko mkoani kwetu Tanga. Huko, wilayani Lushoto, tauni ilizuka mwaka 1980 na ikawa inarudi kwa zaidi ya miaka 20. Ugonjwa huo hubebwa na viroboto wa panya. Panya akifa na mwili wake ukapoa, viroboto humwacha na kutafuta damu yenye joto, iwe ya panya mwingine au ya binadamu aliyelala chini ya dari hiyo. Kwa hiyo, mkiona panya wanakufa ovyo na hakuna aliyetia sumu, msiwaguse, pelekeni habari kituo cha afya na kwa uongozi wa mtaa au kijiji siku hiyohiyo. Na Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walipokuwa wakiugua homa na kutokwa damu puani, vipimo vilionyesha ni homa ya mgunda, na watatu walifariki. Homa hiyo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Anayegusa uchafu wa panya kwa mikono mitupu yenye michubuko anajihatarisha mwenyewe.

Itatokea mzoga upo na haufikiki. Umo nyuma ya ukuta, na kuuvunja ni gharama kuliko uvundo wenyewe. Hapo subira ina nafasi yake: toboeni tundu dogo la kupitisha hewa ikiwezekana, wekeni mkaa, ondoeni watoto na wagonjwa kwenye chumba hicho, ngojeni ukauke. Wanaoishi Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, wasichukue nyundo kwa hasira. Kuta zile nene ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hazipigwi ovyo kama tofali za saruji, na kuzibomoa kunataka kibali cha mamlaka ya Mji Mkongwe na fundi anayeijua chokaa.

Lakini uvundo ukiisha msijione mmeshinda. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nao hawakutia fumbo hapo. Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6. Masika yakianza na mashimo yao yakajaa maji, watakuja tena kwa njia ileile. Zungukeni nyumba mchana kweupe. Palipopita bomba, pigeni saruji. Chini ya paa palipo wazi, wekeni wavu wa chuma wenye matundu madogo, kwa kuwa wavu wa mbu wa nailoni panya huutafuna. Kateni tawi la mwembe linalogusa bati. Unga na mchele viwe kwenye ndoo zenye mifuniko, na mabaki ya chakula yasilale jikoni. Kisha tegeni mitego, iwe ya kubana au ya kizimba, kwenye kona wanazopita. Muikague kila asubuhi. Mtego unakuonyesha aliyekufa na mahali alipofia, na siku hiyohiyo unamzika. Hiyo ndiyo tofauti yake na sumu.

Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba, waambie na wapangaji wenzako. Najua kijana huona haya kusema chumba chake kinanuka. Msione haya. Panya huingia kwa tajiri na kwa maskini, na dari moja haisafishwi na mtu mmoja. Nanyi wenye nyumba, kodi mnayopokea ni pamoja na kuziba matundu hayo. Msimwachie mpangaji wa miezi sita kazi ya paa lenu.

Wanangu, mtego na ndoo ya saruji bei yake ni ndogo kuliko kumpeleka mtoto hospitali. Zibeni matundu wiki hii, kabla ya mvua. Tegeni mitego, muikague kila asubuhi. Na sumu ya panya mwacheni nayo yule anayeiuza.