Mwili Huita, Mwenyewe Hasikii

Afikiriwe mtu huyu. Ni fundi seremala. Mikono yake yajua kazi, na kijiji chote chamsifu. Alfajiri aanza kupiga randa mbao za mlango. Mbao ni nzuri, randa yateleza, maranda yaanguka miguuni pake. Mtungi wa maji umo nyumbani, hatua 20 tu. Bibi yake amemwekea viazi vitamu katika sahani, akavifunika kwa jani la mgomba. Kengele ya adhuhuri yalia, naye aisikia kama mtu asikiavyo mvua inyeshayo katika kijiji kingine. Saa kumi jioni ainua kichwa. Mikono yatetemeka, kichwa chamuuma, ulimi umekauka. Tangu alfajiri hajanywa, hajala, wala hajaenda haja. Saa ile ile mtoto wake mdogo apita mbio, akwaa kopo la misumari, misumari yatawanyika chini. Baba ampiga kofi kali, kisha asimama akiushangaa mkono wake mwenyewe.

Je, mtu huyu ana kosa? Na kama analo, liko wapi: katika kofi, katika njaa, au katika kusahau?

Wako watakaosema upesi: «Ni mvivu wa kujitunza. Hata mbuzi ajua njia ya mtoni.» Lakini mvivu hafanyi kazi kutwa bila kupumzika. Wengine watasema: «Ni mwenye kiburi, apenda kazi yake kuliko nyumba yake.» Lakini mtu huyu akimwona jirani mwenye njaa, humpa sahani yake mara moja. Huiona njaa ya mwenzake kabla ya kuiona yake. Wa tatu watasema: «Hana kosa lolote, njaa ndiyo iliyompiga mtoto.» Nao hawakufikiri vema, kwa maana njaa haina mkono, na shavu la mtoto lingali lawaka.

Ili kuhukumu kwa haki yafaa kwanza kujua jambo lilivyo.

Mwili wa mtu una desturi ya kuita. Maji yakipungua mwilini, chumvi huzidi katika damu; sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo huipima, nayo hutoa habari: ndiyo kiu. Tumbo tupu huita, kibofu kilichojaa huita, macho yaliyochoka huita. Lakini kuita ni jambo moja, kusikia ni jambo la pili, na kuinuka ni jambo la tatu. Kwa watu wengi mambo hayo matatu hufuatana upesi, hata wasijue kuwa ni matatu. Kwa watu wengine huachana njiani.

Kati ya hao wamo wenye hali ambayo waganga wa hospitali huiita kwa herufi 4: vitabu vya Kifaransa huandika TDAH, vya Kiingereza huandika ADHD. Mtu mwenye hali hiyo hushindwa kuyatawala mawazo yake, na mara nyingi pia kuutuliza mwili wake au kuizuia haraka yake. Si kwamba hana mawazo. Anayo, tena mengi, ila hayaendi anakoyatuma. Mbele ya kazi isiyo na ladha hutawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe; mbele ya kazi impendezayo hunasa kama ndege katika ulimbo. Hapo sauti ndogo za mwili hazipati mlango. Hubisha, hubisha tena, mpaka zigeuke kelele: kichwa kuuma, kutetemeka, hasira.

Tena yuko asikiaye njaa vema, asiinuke. Kwa maana kula si tendo moja, ni matendo kumi: kuni, moto, maji, sufuria, unga, mboga, na mengine. Kwa mtu huyu kila tendo ni njia panda ya kupotelea. Aenda kuchukua kuni, aona mpini wa shoka umelegea, aanza kuukaza, na moto wazimika nyuma yake. Usiku nao, wenzake wanapolala, ndipo mawazo yake yanapoamka, akapambazukiwa bila usingizi.

Hali hii si ya leo. Mwaka 1798 mganga Mskoti Alexander Crichton aliandika habari za watu wasioweza kulishika jambo moja kwa mawazo. Mwaka 1902, huko London, mganga wa watoto George Still aliwaeleza waganga wenzake habari za watoto wenye akili timamu walioshindwa kujitawala, akasema hali yao ni upungufu wa kujitawala katika maadili. Neno hilo lilikuwa zito, kwa kuwa lilielekea kumweka mtoto upande wa wakosaji. Waganga wa baadaye waliliacha. Leo wajua kwamba hali hii huanza utotoni, kwamba mara nyingi hufuata ukoo kutoka kwa mzazi hata kwa mtoto, na kwamba yahusu namna ubongo ufanyavyo kazi. Katika watoto 100, yapata 5 wanayo, na wengi wao hubaki nayo hata utu uzima. Si uchawi, si laana, wala si tunda la malezi mabaya.

Hata hivyo asiseme kila mtu aliyesahau chakula siku moja: «Nami ndivyo nilivyo.» Kila mtu husahau. Mwenye hali hii amekuwa hivyo tangu utoto, nyumbani na shuleni na kazini, hata maisha yake yameumia kwa ajili hiyo.

Basi ulizo larudi: kosa liko wapi?

Zamiri haimhukumu mtu kwa jambo asilolijua, wala kwa jambo asiloliweza. Kutosikia kiu, kwa hiyo, si kosa; ni kama uziwi wa sikio moja. Lakini kofi lilitoka katika mkono wake. Kiu yaeleza sababu ya hasira, haifuti maumivu ya mtoto. Baba mwema ataomba radhi, wala hatamwambia mtoto: «Ilikuwa njaa.»

Tena kuna jambo lingine, nalo ndilo kubwa. Siku ya kwanza fundi hakujua kwamba njaa asiyoisikia humgeuza kuwa mtu mwingine. Siku ya kumi ajua. Tangu siku ile wajibu wake umehama. Hauko tena saa kumi jioni, wakati mikono inapotetemeka. Uko alfajiri, wakati bado ana nguvu na utulivu. Wala asiape: «Leo nitakumbuka.» Kukumbuka ndiko kulikolemaa. Mwenye mguu uliovunjika haapi kwamba atatembea, hutafuta fimbo.

Mwandishi Plutarch asimulia habari za Archimedes, mtu wa mji wa Syracuse katika kisiwa cha Sisilia, bingwa wa hesabu aliyekufa yapata mwaka 212 kabla ya Kristu. Alizama katika hesabu zake hata akasahau chakula na kuacha kuutunza mwili. Watumishi walimburuta kwa nguvu kwenda kuoga, naye huko akachora mistari katika majivu, na hata juu ya mwili wake uliopakwa mafuta. Kama alikuwa na hali hii ya TDAH, hakuna awezaye kusema leo. Lakini habari yake yafundisha mambo mawili. Akili nyingi haimkingi mtu asiusahau mwili wake. Tena, Archimedes alikuwa na watumishi wa kumburuta. Seremala wa kijijini hana. Yampasa apange mwenyewe, mapema, kitu kitakachomburuta.

Kitu hicho ni nini? Kwanza, maji yasikae ndani ya mtungi nyumbani. Yakae juu ya meza ya kazi, mbele ya randa, hata mkono uyaguse bila kuyatafuta. Kisichoonekana na mtu huyu ni kama hakipo. Pili, chakula kiwe tayari kabla ya njaa: mihogo iliyochemshwa jana, karanga, ndizi mbivu, vitu visivyodai moto wala sufuria. Chakula hafifu kilichoko ni bora kuliko chakula kizuri kisichopikwa. Tatu, kila haja ifungwe na jambo ambalo tayari hutokea kila siku: kunywa anaponawa uso, kula kengele inapolia, kwenda haja kabla ya kushika chombo. Mwenye simu ya mkononi aiamuru ilie saa zile zile. Nne, jioni ajiulize kwa mpango mmoja, kama mtu achunguzavyo zamiri yake: Nimekunywa? Nimekula? Nimekwenda haja? Nimepumzika? Naona baridi au maumivu? Asingoje mwili useme; auulize.

Lakini kengele peke yake haitoshi. Fundi aliisikia ya adhuhuri na hakuinuka. Ishara inayolia mbali hupita. Ishara inayosimama njiani humzuia mtu. Kwa hiyo yafaa awepo mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapo aibu huinuka na kusema: «Mimi mtu mzima, nikumbushwe kunywa maji kama mtoto?» Wanaosema hivyo hawakutazama kijiji chao. Kwa nini misioni ina kengele? Kwa nini mkutano wa wazee huitwa kwa ngoma? Kwa sababu tangu zamani watu walijua kwamba kichwa cha mtu hakitoshi kuzishika saa zote, wakaweka sauti nje ya vichwa vyao. Hakuna mkatekumeni aonaye haya kwa kuitwa na kengele. Mwenye hali hii ahitaji kengele nyingi kuliko wenzake, basi. Tofauti yao ni ya hesabu, si ya heshima.

Wengine huinua neno zuri zaidi: «Mtu mwema husahau mwili wake. Je, hatufundishwi kufunga?» Wakosea. Kufunga ni tendo la mtu asikiaye njaa, akaikatalia kwa hiari yake na kwa ajili ya jambo jema. Asiyeisikia hakufunga, njaa imempata gizani. Mwalimu Tomasi wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, hakuona haya kuuliza katika kitabu chake kikubwa kama usingizi na kuoga vyaweza kupunguza huzuni ya mtu. Akajibu kwamba vyaweza. Aliyeandika mengi hivyo juu ya mambo ya juu alijua kwamba roho iliyochoka mara nyingine yahitaji kitanda na maji ya moto kabla ya mashauri.

Jirani naye ana wajibu wake. Anayeita, aite bila dharau. Neno «Umesahau tena!» halimlishi mtu; humfanya afiche. Na afichaye haja zake huzidi kuzikosa, mpaka aibu na njaa zikae nyumba moja. Afadhali kumpa kikombe mkononi na kunyamaza. Wazazi wenye mtoto wa namna hii wasimwite mpumbavu, maana jina lile atalibeba hata uzee. Wamfundishe kuweka ishara zake mwenyewe, ili siku moja ajiite peke yake.

Hali ikizidi, yafaa kumwendea mganga wa hospitali. Dawa zipo, ingawa hazipatikani kila mahali, nazo huwasaidia wengi. Lakini baadhi yake hupunguza hamu ya kula na huweza kuufukuza usingizi. Basi anayezinywa asingoje hamu. Ale kwa saa, kabla ya dawa na baada yake.

Fundi seremala, je? Aliomba radhi kwa mtoto wake. Kisha, asubuhi moja, alipokuwa ameshiba na ametulia, alimwita akamwambia: «Mwanangu, kengele ya adhuhuri ikilia, niletee kikombe cha maji. Kiweke juu ya ubao ninaoupiga randa, nisiweze kuendelea. Nikikuambia ‹ngoja›, usingoje.» Mtoto alifurahi sana kwa kazi ile. Siku nyingine alichelewa kwa mchezo, na baba alibaki na kiu. Lakini siku nyingi kikombe kilikuja, kikasimama juu ya ubao katikati ya maranda, na randa ikalazimika kusimama.

Yashikwe haya:

Ulizo: Asiyesikia njaa wala kiu yake ana kosa?
Jibu: Hana. Lakini akiisha kujua kwamba hasikii, ana wajibu wa kuweka ishara zitakazomwita.

Ulizo: Aziweke lini?
Jibu: Wakati angali ana nguvu na utulivu, si wakati haja imekwisha kuwa kelele.

Ulizo: Kukumbushwa haja za mwili ni aibu?
Jibu: Si aibu. Watu wote huitwa na kengele.

Ulizo: Jirani afanye nini?
Jibu: Amwite mwenzake bila dharau, na akiweza, alete maji.