Je, Ni Kiburi Mkimbizi Kuvaa Vizuri?



Leo nataka tuzungumze juu ya nguo, na naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, tulipokuwa tunajiandaa kwa sikukuu ya akina mama, nilisimama madhabahuni nikatangaza kwamba kila mama ashone kitenge cha sare. Siku ile tuliimba, vigelegele vikapigwa, nami nikafurahi. Wiki iliyofuata nilitembelea familia moja. Sufuria ilikuwa imefunikwa kifudifudi, na watoto walikuwa wamekaa kimya. Mama yao alikuwa ameuza mahindi na maharage ya mgao ili apate kitenge nilichokitangaza mimi. Jirani yake hakuuza chakula. Yeye aliacha kuja kanisani. Nilirudi nyumbani na aibu kubwa.

Tangu hapo nimejiuliza: je, mkimbizi apende kuvaa vizuri, au huko ni kutafuta mambo ya dunia?

Wako wanaosema nguo nzuri ni kiburi tu. Na wako wanaonong'ona hivi: “Siku wageni wanapokuja, vaa matambara. Ukionekana safi watasema huna shida.” Maneno haya mawili nayakataa yote.

Tusome Mwanzo 3. Adamu na Hawa walipotenda dhambi na kuhukumiwa, Mungu mwenyewe aliwatengenezea mavazi ya ngozi, akawavika, ndipo akawatoa bustanini. Watu wa kwanza kupoteza makao yao hawakuondoka uchi. Mungu hakutaka aibu iongezwe juu ya uhamisho wao. Basi mama anayefua kanzu yake moja na kuinyoosha kwa pasi ya mkaa kabla ya ibada, asiambiwe ana kiburi. Anaheshimu mwili ambao Mungu aliuumba kwa mfano wake. Heshima hiyo haingojei mpaka turudi Kivu au tupate safari ya kwenda Marekani.

Tumwangalie pia mtume Paulo. Akiwa gerezani, katika 2 Timotheo 4, anamwomba Timotheo amletee joho lake aliloliacha Troa kwa Karpo, na anamsihi aje kabla ya wakati wa baridi. Hakuomba joho jipya. Alikumbuka lile lile alilokuwa nalo, na nyumba alimoliacha. Hivyo ndivyo anavyoishi mtu mwenye vitu vichache na anayevitunza.

Mimi naona nguo inasema kama mdomo unavyosema, na Mkristo aseme kweli. Anayevaa matambara kwa makusudi ili ahurumiwe, anadanganya. Anayekopa fedha ili aonekane tajiri, naye anadanganya. Kweli yetu ni hii: sisi ni maskini, na sisi ni watu. Nguo zetu ziwe chache, na ziwe safi.

Vijana wetu wanapenda Sape, mtindo alioupenda sana mwimbaji Papa Wemba, aliyefariki mwaka 2016. Katika Sape kuna kanuni moja nzuri: rangi za mavazi zisizidi tatu. Kanuni hiyo haina gharama, ichukueni. Lakini kijana anayenunua viatu vya Ulaya huku mdogo wake hana daftari, amevaa njaa ya nyumba yake.

Tufanye hesabu. Tuseme shati la shilingi 5,000 linachanika baada ya miezi minne. Kwa mwaka utanunua matatu, yaani 15,000. Shati imara la 15,000 likidumu miaka mitatu, kila mwaka limekugharimu 5,000. Anayeweza kungoja na kuweka akiba kidogo kidogo, atapata faida.

Unapochagua mitumba, usitazame jina lililoandikwa shingoni. Inua nguo kwenye mwanga uone palipochakaa. Angalia kola, kwapa na katikati ya miguu ya suruali. Vuta mshono kidogo, jaribu zipu. Chagua rangi zinazokubaliana, kama nyeusi, nyeupe na buluu, ili sketi mbili na blauzi tatu zikupe mavazi sita. Kitenge cha waksi nzuri rangi yake huonekana karibu sawa pande zote mbili. Mwambie fundi aache kitambaa cha ziada ndani ya mshono, nguo ipanuliwe mwili au mtoto akikua. Anika kivulini, upande wa ndani ukiwa nje, jua lisile rangi. Mama zetu kule Kongo waliweka vitenge sandukuni kama akiba, wakaviuza siku ya shida. Kitenge kilikuwa hazina kwa sababu kilitunzwa.

Lakini hesabu hii haimsaidii asiye na hata 5,000, na hapo ndipo kanisa linapimwa. Yakobo, katika sura ya pili, anawakemea wanaompa nafasi nzuri mwenye pete ya dhahabu na kumwacha maskini asimame. Mimi nilifanya baya zaidi: nilimwacha maskini nyumbani. Nilikwenda kumwomba msamaha yule mama aliyeacha kuja. Aliniambia, “Mchungaji, sikumkasirikia Mungu. Niliogopa macho ya watu.”

Ndugu zangu, macho hayo ni yangu na yako. Kwa hiyo tumeacha sare. Kwaya huvaa nyeupe juu na rangi ya giza chini, kila mtu alichonacho. Na kama Dorkasi wa Yafa, ambaye wajane walionyesha kanzu alizowashonea, mwenye cherehani kati yetu amtengenezee jirani mshono mmoja bila malipo.

Jumapili ijayo, kabla hujatazama nguo ya mtu anayeingia, mtazame usoni, umsalimie kwa jina lake. Yule mama amerudi. Anakaa mstari wa pili, na kanzu yake ni ile ile.

Mungu awabariki.

Mchungaji wenu