Televisheni ya Sebuleni ni ya Nani?

Kijana analeta kompyuta yake ya michezo sebuleni, anachomeka waya wa HDMI nyuma ya televisheni, anabonyeza rimoti mara mbili tatu, na mchezo unatokea kwenye kioo kikubwa. Ni kazi ya dakika chache. Swali langu si la ufundi. Nauliza kama kijana huyo amechukua kitu cha mtu.

Yeye atasema hapana. Kompyuta ni yake. Televisheni ni ya nyumba nzima, naye ni mmoja wa nyumba hiyo, na saa ile hakuna aliyekuwa akiitazama. Hoja hii ina nguvu kuliko wazazi wengi wanavyokubali, wala haijibiwi kwa kusema kwamba michezo ni mambo ya watoto. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru, alishikilia kwamba mtu mzima azuiwe tu pale anapowadhuru wengine. Basi tuyatafute madhara.

Watu huanza na umeme. Kompyuta yenye kadi kubwa ya picha inaweza kula wati 400 mchezo ukiendelea. Televisheni tuiwekee 100. Saa tatu kila siku ni yuniti 45 kwa mwezi. Kwa bei zilizoanza Rwanda Januari 2020, yuniti 15 za kwanza za nyumbani zilikuwa faranga 89 kila moja, na zilizofuata hadi 50 zikawa 212, kabla ya kodi. Mchezo basi unaisukuma nyumba nzima kwenye daraja la bei ya juu. Lakini hilo ni deni tu, na deni hulipwa: kijana achangie tokeni ya umeme, yaishe.

Kigumu ni sebule yenyewe. Viko vitu vya pamoja ambavyo anayetangulia hampunguzii anayefuata. Maji ya mto Ruzizi yakishazungusha mitambo ya Ruzizi I hushuka na kuzungusha ile ya Ruzizi II, ambayo umeme wake hugawanywa kati ya Burundi, Rwanda na Kongo. Sebule si mto. Sauti ikiijaza, haibaki kona ya mtu mwingine, na aliyeketi mbele ya kioo hana budi kuutazama mchezo au kuondoka. Kijana amesema kweli kwamba hakuchukua televisheni. Alichochukua ni macho na masikio ya waliomo.

Je, arudi chumbani na hedifoni zake? Wengi wangeishia hapo, mimi nasita. Kwanza, kuja sebuleni kumemgharimu: televisheni nyingi huchelewesha picha kidogo kwa kuirekebisha kabla ya kuionyesha, na mchezaji mzuri huuhisi ucheleweshaji huo asipobadilisha mpangilio. Amekubali picha inayochelewa ili akae na watu. Pale mdogo wake anaweza kushika padi ya pili, na mama anaweza kuuliza yule mwenye jezi nyeupe ni nani. Nyumba ambayo kila mmoja amejifungia na kioo chake haina ugomvi, kwa sababu haina watu wanaokutana. Kati ya kero na kutoonana, nachagua kero.

Ila nachagua kwa niaba ya nani? Mama anaweza kusema "zima hiyo," na ikazimwa. Kamembe inatazamana na Bukavu, na familia nyingi zina ndugu ng'ambo zote mbili. Mwaka 2004, na tena Februari 2025, vita viliingia Bukavu na watu wakavuka kuja huku. Shangazi anayefika na begi moja hulala wapi? Mara nyingi ni sebuleni. Chumba chake cha kulala ndicho uwanja wa mchezo, naye hawezi kutandika mpaka mchezaji wa mwisho achoke. Tena michezo inayopendwa sana ni ya bunduki, na spika za leo hazifichi mlio. Mwulize, "Shangazi, tunakusumbua?" Atajibu, "Hapana wanangu, chezeni tu." Jibu hilo ni adabu. Kulihesabu kuwa ridhaa ni kujinufaisha na unyonge wake. Methali yetu humpa mgeni jembe siku ya tatu. Hakuna niijuayo inayompa rimoti.

John Rawls, mwaka 1971, alipendekeza tuchague kanuni kana kwamba hatujui tutakuwa nani ndani yake. Hebu tujaribu: hujui kama utaamka ukiwa mwenye kompyuta, bibi anayesubiri taarifa ya habari, msichana wa kazi, au shangazi wa kwenye mkeka. Sidhani ungepiga marufuku mchezo. Lakini usingeridhika pia na kugawa saa sawa kwa sawa, maana saa za kijana zikiisha ana chumba cha kwenda, na za shangazi zikiisha hana. Ningeanza na yule asiye na mahali pengine. Na ningemtaka mwenye kompyuta azime kabla ya kuombwa, kwa kuwa kuomba ndiko hasa kunakomshinda mgeni.

Mtu atapinga: wageni wa vita hukaa miezi; je, kijana awe mpangaji katika nyumba ya baba yake? Pingamizi hili ni la haki. Nadhani hatakiwi kuacha mchezo, ila kuubadilisha: mpira badala ya bunduki, sauti chini, na saa tatu usiku waya uchomolewe hata kama mechi haijaisha. Pengine shangazi alikuja na mtoto wa miaka 12 atakayemfunga mabao manne, na hapo padi ya pili imepata mwenyewe bila nadharia yoyote.

Limebaki jambo moja. Baba akitazama Ligi ya Mabingwa hadi karibu saa sita usiku kwa sauti ileile, katika sebule ileile, mbele ya shangazi yuleyule, hakuna anayeuliza kama ni haki. Kanuni niliyoieleza haina sababu ya kumruka.