Tuwafunze watoto kutazama kabla ya kuokota jiwe

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa kila kitambaacho na kila kirukacho. Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Makurunge, ng'ambo ya mto Ruvu kutokea Bagamoyo mjini, kuwatembelea jamaa zetu siku ya pili ya Idd el-Fitr. Watoto tuliokwenda nao, waliozoea vichochoro vya Magomeni, waliachwa wacheze nyuma ya nyumba karibu na shamba la mihogo. Haikupita nusu saa tukasikia kelele. Tulipotoka tukamkuta mpwa wangu, wakati huo akiwa na miaka tisa, ameshika jiwe na wenzake wanamshangilia. Chini alikuwepo kinyonga, amepondwa kiuno, macho yake bado yanazunguka.

Nikamuuliza amekosewa nini na kiumbe yule. Akanijibu bila wasiwasi: "Mjomba, huyu si ana sumu? Halafu ukimuua unapata thawabu."

Nilinyamaza, kwani nilijua mwalimu wake ni nani. Ni sisi wenyewe. Mara ngapi mtoto amemuona baba yake akimkimbiza mjusi kafiri ukutani kwa kandambili, huku akitaja thawabu? Mara ngapi amemsikia mama yake akipiga kelele kwa kumuona jongoo tu? Mtoto hazaliwi na jiwe mkononi. Analiokota kwetu.

Tuanze na hilo la thawabu, maana ndilo linalotumiwa kama hoja. Ni kweli kuwa katika Bukhari na Muslim imepokewa amri ya Mtume (s.a.w.) ya kumuua mjusi aitwaye wazagh. Hatuna haki ya kuikataa hadithi sahihi. Lakini hadithi hiyo imemtaja mnyama maalumu. Haikumtaja kinyonga, wala haikutoa ruhusa ya jumla kwa kila chenye magamba. Na katika Muslim imeelezwa kuwa anayemuua kwa pigo la kwanza hupata ujira mkubwa kuliko wa pigo la pili. Maana yake ni kuwa hata pale sheria inaporuhusu kuua, haikuruhusu kutesa. Hilo linathibitishwa na hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.), pia katika Muslim, kuwa Allah ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Sasa jiulize: watoto kumi kumpiga kinyonga mawe huku wakicheka, hapo wema uko wapi?

Uislamu haukusema tuwakumbatie nyoka wenye sumu. Nyoka na nge wameruhusiwa kuuawa hata mtu akiwa ndani ya swala, kwa sababu ya madhara yao. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo ametusimulia habari ya nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja, akaamrisha kichomwe kijiji chao kizima. Allah alimlaumu kwa kuangamiza umma unaomtukuza Yeye, kwa kosa la mmoja tu.

Tazama pia Qur'an ilivyowapa heshima hawa tunaowaita wadudu. Ipo sura ya Nyuki, ipo ya Sisimizi, ipo ya Buibui. Katika Suratun-Naml (27:18-19) Nabii Suleiman (a.s.), pamoja na jeshi lake lote, alitabasamu kwa maneno ya sisimizi, kisha akaomba awezeshwe kushukuru. Katika Suratun-Nur (24:45) tunaelezwa kuwa Allah ameumba viumbe wanaokwenda kwa matumbo, wengine kwa miguu miwili na wengine kwa minne. Aliyetajwa mwanzo ni yule atambaaye! Na katika Al-An'am (6:38) tunafahamishwa kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu.

Baada ya tukio lile niliona maneno peke yake hayatoshi. Likizo ilipofika tukavuka bahari kwenda Unguja, tukawapeleka watoto Zala, bustani ndogo ya wanyama huko Muungoni, kwenye njia ya Kizimkazi, iliyoanzishwa ili watoto wa Kizanzibari wajifunze. Siku hiyo hiyo tukapita kijijini Pete, jirani na msitu wa Jozani, kwenye kituo cha vipepeo kilichoanzishwa mwaka 2008, ambako wanakijiji walikuwa wakifuga viwavi na kukiuzia kituo mabuu. Hapo watoto walijifunza kuwa mdudu ambaye wangemkanyaga ni rizki ya familia ya mtu.

Lakini la Zala ndilo sitalisahau. Mpwa wangu alisimama mbele ya kinyonga akamtazama akidaka panzi kwa ulimi mrefu karibu sawa na mwili wake. Akaambiwa kuwa hana sumu, na kwamba kazi yake ni kula wadudu. Mtoto akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mjomba, na yule wa Makurunge alikuwa na ulimi kama huu?" Nikamwambia ndiyo. Machozi yakamtoka. Sikumkemea tena, kwa kuwa darsa lilikuwa limekamilika.

Wazazi wa mjini, watoto wetu wanawajua wanyama wa kwenye katuni kuliko kenge wa mtaro wa nyuma ya nyumba. Wapelekeni wakaone. Mkifika, angalieni pia kama wanyama wana maji, kivuli na chakula, na kama hawana, mnasihini mwenye kuwafuga kwa upole. Mwanamke aliyemfungia paka bila ya chakula habari yake tunaijua.

Wafundisheni na usalama. Mtoto akimuona nyoka asimguse wala asimrushie jiwe, bali arudi nyuma na amwite mkubwa. Akiumwa, asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana. Atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali haraka. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, na wengi wanaoumwa ni watu wa mashambani.

Mpwa wangu sasa ni kijana mkubwa. Idd moja tulirudi naye Makurunge. Kinyonga alikuwa anavuka njia na watoto wadogo wameshaanza kuinama. Akawatangulia, akamwekea kijiti mpaka akapanda, akamweka juu ya mti. Kisha akawaita waje watazame.

Ewe Allah, tujaalie tuwe wenye huruma juu ya viumbe Wako, na utuhurumie Siku tutakayohitaji huruma Yako. Amin.